Mti wa Nani, Bei ya Nani? Historia ya kuuzisha miti upande wa Mutoshi

Kiswahili chetu cha Katanga kiko na jambo moja ambalo watu wa Dar es Salaam na wa Mombasa wanatuchekea. Kwao, kuuza ni kutoa kitu na kupokea franga. Kwetu, kuuza ni kununua, na mwenye kutoa kitu chake anakiuzisha. Mama wa Kolwezi akisema «nauza makala», ujue anatafuta makala ya kupikia, haiko kwamba ako nayo ya kupimia wengine. Basi, ili tusipotezane njia, katika kurasa hizi nitasema kununua na kuuzisha. Tena hilo neno kuuzisha ni zuri kwa habari yetu, maana ndani yake mko watu wawili: yule anayenunua, na yule anayemfanya anunue. Katika historia ya miti ya inchi hii, mara nyingi huyu wa pili hakuwa mwenye mti.

Swali tunalolisikia leo katika familia nyingi kati ya Mutoshi na Kolwezi ni hili: tuko na shamba la baba, nusu yake ni pori ambalo halijakatwa, miti imesimama, tuiuzishe namna gani? Yote kwa mara moja? Mti kwa mti? Tuchome makala sisi wenyewe? Vijana wanafikiri ni swali la juzi, lililokuja na makamyo na wachimbaji. Lakini ni swali la zamani, na kila wakati lilipata jibu lake.

Tuanze na bankambo. Kila mutu anajua kwamba watu wa inchi hii walikuwa wanayeyusha shaba kabla ya Mzungu kufika. Misalaba midogo ya shaba imepatikana ndani ya makaburi ya zamani ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, na ile misalaba mitatu kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960 inatoka kwa kazi hiyohiyo. Askofu de Hemptinne aliandika juu ya kazi hiyo mwaka 1926, na aliwaita mafundi wake «wala shaba». Yule aliyesoma au aliyesikia bazee anakumbuka habari ya jiwe la kijani, mivukuto, na tanuru iliyojengwa kwa udongo wa kichuguu. Kitu ambacho watu wanasahau ni makala. Bila makala, jiwe la kijani ni jiwe tu. Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia, na kabla ya moto wa kwanza kuwashwa kwenye tanuru, watu walikuwa wamekwisha kukata miti migumu, kuipanga, kuifunika na kuichoma. Kundi moja lilichimba, kundi moja lilikata.

Je, miti ile ilikuwa na bei? Hapana, haikuwa nayo. Mwenye udongo, yaani mkubwa wa ukoo uliotangulia kufika mahali pale, alitoa ruhusa, na mwishoni alipata sehemu yake ya shaba. Ndani ya sehemu ile kulikuwa jiwe, kulikuwa mti, kulikuwa maji na kulikuwa heshima ya wafu, vyote pamoja, bila kutenganishwa. Msiri alipotawala Bunkeya, mpaka alipouawa mwezi wa 12 mwaka 1891, ushuru ulikwenda kwake kwa shaba, kwa pembe na kwa chumvi. Hakuna aliyemletea ushuru wa miti. Mti ulijificha ndani ya shaba. Naomba msomaji aweke jambo hili kichwani, kwa sababu tutalikuta tena na tena: mti wa Katanga hauna kawaida ya kuuzishwa kwa jina lake mwenyewe.

Wakati wa Wabelgiji, kwanza kulikuja karatasi. Tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 1885 Leta ya Leopold iliandika kwamba ardhi isiyokaliwa na mutu ni ya Leta. Kwa macho ya mwenye kuandika, pori lililopumzishwa baada ya kulimwa halikaliwi. Kwa macho ya mwenye udongo, lile ni shamba la wajukuu. Mwaka 1900 ikaundwa Comité Spécial du Katanga, ambayo ilisimamia udongo wa Katanga karibu wote, theluthi mbili kwa faida ya Leta na theluthi moja kwa faida ya sosyete. Mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière. Reli ikafika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikatoka kwenye tanuru kubwa la Lubumbashi. Mutoshi yenyewe wakati ule iliitwa Ruwe, na Wazungu waliijua kwanza kwa dhahabu yake, kabla hawajaitilia maanani shaba. Jina la Mutoshi lilichukua nafasi ya Ruwe baadaye.

Mkataji alipata mshahara. Kapita aliyehesabu mafungu ya kuni alipata mshahara wake. Mwenye udongo hakupata kitu kwa mti wenyewe, kwa sababu kwenye karatasi hakuwa mwenyewe. Wanakijiji waliachiwa kukata miti ya nyumba zao na kuni za jikoni. Kukata kwa biashara kulikuwa kwa mwenye kibali. Kwa maoni yangu hapo ndipo mti wetu ulipata hasara yake kubwa, zaidi ya shoka: sosyete zilizoea kwamba kuni za pori zinagharimu mikono ya kukata na magari ya kubeba tu, na mti ni bure.

Kuna mfano mmoja wa jirani unaoonyesha kwamba haikuwa lazima iwe hivyo. Reli ya Benguela, ile inayotoka Lobito kwenye bahari ya Angola, ilifika mpaka wetu mwaka 1929, na mwaka 1931 iliunganika na reli ya Katanga kupitia Dilolo na Tenke, njia ambayo inapita Kolwezi. Injini zake zilichoma kuni kwa miaka mingi sana. Lakini sosyete ya reli ile haikutegemea pori peke yake: ilipanda mikaratusi kando ya njia, mashamba makubwa, ikaihesabu, ikaikata, ikaiacha ichipuke, ikaikata tena. Tofauti ni kwamba kule kuni ziliandikwa kwenye hesabu kama mali. Kwetu ziliandikwa kama kazi.

Kolwezi ulizaliwa mwaka 1937. Wengi wanafikiri kwamba mji wa umeme hauli miti. Mabwawa ya Nzilo na Nseke juu ya Lualaba yalijengwa miaka ya 1950, na nyaya zikapita juu ya vichwa vya watu kwenda kwenye mashini. Jikoni, mama aliendelea kuwasha makala. Gécamines ilipokuwa na nguvu (mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba) baba alileta mshahara na unga, na makala yalikuwa matumizi madogo tu. Halafu kuanguka kukaja. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na katikati ya miaka ya 1990 shaba ya mwaka mzima haikufikia hata tani 50,000. Mishahara ilikawia miezi, halafu miaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango ulioitwa wa kujitolea. Watu walikwenda wapi? Wengine waliingia kwenye mashimo ya kuchimba. Wengine walitafuta shamba. Na wengi, kati ya kupanda na kuvuna, walichoma makala, maana makala haingoji mvua. Mutu na kinga yake na magunia manne, alfajiri, kwenye barabara ya lami: huyo ndiye alibeba chakula cha mji katika miaka ile, na hajajengewa sanamu.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa sababu bila sheria swali la kuuzisha halina miguu. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 na sheria ya ardhi ya mwaka 1973 zilirudisha udongo wote kwa Leta. Kodi ya misitu ya tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka 2002 inasema vilevile kwamba misitu ni mali ya Leta. Watu wengi husoma mstari ule wa 7, wanafunga kitabu na kulia. Wangeendelea mistari miwili tu! Mstari wa 8 unasema kwamba msitu, uwe wa asili au wa kupandwa, ulio ndani ya ardhi iliyotolewa kwa karatasi halali, ni wa yule aliyepewa ardhi ile. Na mstari wa 9 unasema kwamba miti iliyo ndani ya kijiji au karibu yake, au ndani ya shamba, ni mali ya kijiji kwa pamoja au ya mwenye shamba, na inaweza kupewa mwingine. Zaidi ya hapo, tangu agizo la mwaka 2014, kijiji kinaweza kuomba msitu wake uandikwe kuwa msitu wa jamii, mpaka hekta 50,000. Kwa hiyo mwenye shamba hana sababu ya kuuzisha kwa kujificha kama mwizi. Anatakiwa kibali cha kukata kuni na kuchoma makala, au kibali cha mbao, na chefu atataka sehemu yake kama kawaida. Lakini mti ni wake.

Hapa niseme kidogo juu ya mukula, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha kwa fimbo. Mukula na ndugu yake mulombwa ni miti ya damu: ukiikata, inatoa utomvu mwekundu. Unga mwekundu wa mti huo ulipakwa mwilini wakati wa sherehe, na kwa Wandembo vijana waliotahiriwa waliketishwa juu ya gogo la mukula ili kidonda kikauke mapema, kama utomvu unavyoganda. Mti wa kuheshimiwa, basi. Katika miaka ya 2010 wanunuzi wa China waliutaka kwa samani, na Katanga ya kusini ikageuka kiwanja cha magogo. Kwenye vijiji vya upande wa Kasenga na Sakania mnunuzi wa kati alifika na franga mkononi, akalipa kwa mti uliosimama, akakata yeye mwenyewe, akapakia. Mwenye pori alihesabu mashina. Mnunuzi alihesabu ujazo. Hapo ndipo mali ilipotelea: wawili walikuwa wakisema juu ya mti uleule kwa vipimo viwili. Makatazo yalitoka, yakalegezwa, yakatoka tena. Mwaka 2017 makamyo mengi yalizuiwa Zambia yakiwa na magogo. Mwezi wa 8 mwaka 2019, kwenye mkutano wa CITES kule Geneva, mukula iliwekwa kwenye orodha ya miti ambayo haivuki mpaka bila kibali maalum, na mwaka 2022 orodha hiyo ikachukua ndugu zake wote wa Afrika, mulombwa ndani. Wakati huo sehemu kubwa ya miti minene karibu na barabara ilikuwa imekwisha kwenda.

Watu wa pwani walilijua jambo hili la kipimo tangu zamani. Miti ya mikoko ya Lamu na ya Rufiji, iliyopanda majahazi kwenda Arabuni, ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini, na ilipangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja na bei yake. Mkataji na nahodha waliweza kugombana juu ya bei, lakini hawakuweza kugombana juu ya boriti ni nini. Sisi wa miombo hatukuwa na majina kama yale. Tuko na gunia, na gunia la makala linajua kunenepa: juu ya mdomo wake wanajenga kichwa cha nyasi na kamba mpaka gunia moja linakuwa moja na nusu.

Tuchukue mfano wa familia yenye hekta 10 kwa karatasi, sita zikiwa pori la mutondo, muputu, mubanga, na mulombwa wachache. Njia ya kwanza ni kuuzisha mahali: mchomaji anakuja, analipa kwa tanuru moja au anaacha sehemu ya magunia, na anakata anavyotaka. Ni rahisi na franga inakuja haraka, lakini mchomaji hachagui; mulombwa wa mbao za milango anaingia kwenye moto pamoja na matawi. Tena tanuru la udongo linapoteza sana: kilo 100 za kuni kwa kawaida hutoa kilo 10 mpaka 20 za makala, na aliyefunika vibaya anapata majivu. Kama mwenye shamba amelipwa kwa tanuru, uzembe wa mchomaji unamla yeye, kwa sababu miti mingi zaidi inaanguka kujaza magunia yaleyale. Kama amelipwa kwa gunia, lazima mutu wa familia alale porini siku ya kufungua tanuru, ili ahesabu.

Njia ya pili ni kuuzisha mti kwa mti, kwa wapasua mbao. Hapa mwenye shamba anatembea na mnunuzi, wanatia alama kila mti, wanapima unene kwa kamba kwenye kimo cha kifua, na wanaandika. Wapasua mbao wanachukua shina na kuacha matawi. Njia ya tatu ni kufanya kazi yenyewe: kukodi watu, kupasua, kuchoma, kupeleka depo ya mjini. Faida ni kubwa, na hatari ni kubwa vilevile, maana kamyo inaharibika, barrière ya barabarani inadai, na mvua inaloweka magunia.

Mimi naona familia nyingi zinapoteza kwa mpangilio zaidi kuliko kwa bei. Zinauzisha makala kwanza kwa sababu njaa iko leo, halafu zinatafuta mbao mahali ambapo hazipo tena. Ingefaa kinyume: mbao kwanza, halafu nguzo na fito za kujengea, na matawi yaliyobaki ndiyo yachomwe. Pori lilelile linauzishwa mara tatu. Na kuna vitu vinavyovunwa bila shoka: vinkubala kwenye mutondo na muputu, bowa wakati wa mvua, masuku na asali. Mama anayeuzisha vinkubala vilivyokaushwa anauzisha mti ule kila mwaka, na mti unabaki. Ni ajabu kwamba katika mikutano ya familia juu ya miti mama huyo haitwi.

Ndugu zetu wa Njombe na Mufindi, Tanzania, ambao wamepanda misindano kwenye mashamba yao wenyewe, wanagongana na jambo lilelile. Mti unaotakiwa kungojewa miaka 15 au zaidi unauzishwa ukiwa na miaka 8 au 10, kwa sababu mtoto anaingia shule au kuna mgonjwa. Mnunuzi wa kati analijua hilo, anakuja mwezi wa ada.

Kwa upande wa Mutoshi kuna mnunuzi mwingine ambaye haonekani Njombe: karyeri. Mgodi ukipanuka, shamba linachukuliwa, na kodi ya migodi ya mwaka 2002, iliyobadilishwa mwaka 2018, inadai mwenye shamba alipwe fidia. Wahesabuji wanapopita na karatasi zao, macho yao yanaona upesi nyumba, mihogo, na miti ya matunda: mwembe moja, mbili, tatu. Pori lililoachwa kwa makusudi linaonekana kama kitu ambacho hakuna mutu aliyekifanyia kazi. Ni ile ardhi «isiyokaliwa» ya mwaka 1885 imerudi kwa mlango mwingine. Ndiyo maana wengine wanakimbilia kukata yote mara wakisikia harufu ya mashini, ili wapate hata makala. Familia iliyokwisha kuandika miti yake, kwa jina na kwa unene, pamoja na sahihi ya chefu na ya ofisi ya mazingira, iko na kitu cha kuweka juu ya meza siku ile. Daftari la shule linatosha. Kazi ni ya siku mbili, watu watatu.

Halafu kuna habari ya visiki. Miti ya miombo haifi kwa kukatwa. Mutondo na muputu vinachipuka kutoka kwenye kisiki, kama kimekatwa chini na kwa usafi. Kinachowaua ni moto wa mwisho wa kiangazi. Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu, wataalamu walianza mwaka 1933 kuchoma viwanja vya pori kwa nyakati mbalimbali: kiwanja kilichochomwa mapema, wakati nyasi zina ubichi, kilibaki na miti, kilichochomwa mwezi wa 9 na wa 10, mwaka kwa mwaka, kiligeuka nyasi. Kwa hiyo kontra ya kuuzisha miti isiishie kwenye siku ya malipo. Iandike ni kimo gani cha kisiki, ni nani atachoma nyasi mapema mwezi wa 5 au wa 6, mara ngapi, na kwamba machipukizi ni ya mwenye shamba. Wanunuzi wengi wanakubali upesi, kwa sababu kwao kisiki hakina bei.